Daftari la Bi Mwanakombo

Hakujua kusoma. Genge lake la Ngamiani
halikuwa na daftari wala kipande cha chaki,
na bado hakuna aliyethubutu kumdhulumu senti.

Kila usiku, baada ya isha, alifumba macho
akatoka, hali amekaa pale pale juu ya jamvi,
akaanza Barabara ya Kwanza.
Kwenye kona alimweka Mzee Jumbe,
kilo mbili za sukari, lakini si hivi hivi tu:
alimkalisha juu ya kichuguu cha sukari,
siafu wakimpanda ndevu.
Ya Nne, mke wa kinyozi: mafuta ya taa, chupa mbili,
na kila chupa inawika kama jogoo.
Ya Tisa, fundi saa, na pembe kichwani.
"Cha kawaida akili hukitema," aliniambia.
"Mtie mdaiwa pembe, hutomsahau."

Alitembea hivyo hadi ya Ishirini, akarudi,
viatu vyake viko mlangoni, vikavu.

Mwaka huu kiharusi kimempitia.
Bombo, wodini, Dokta Shekalaghe aliinama:
"Mama, nakupa maneno matatu, uyashike.
Chungwa. Ufunguo. Baiskeli.
Nitakuuliza baadaye."
Dakika tano hazikutimia.
Yalikwisha kwenda, yote matatu,
kama maji kwenye tenga.

"Basi tuambie unachokumbuka,"
na Bi Mwanakombo akafumba macho,
akaanza Barabara ya Kwanza.
Siafu, ndevu, sukari kwa bei ya zamani zile.
Chupa ziliwika wodini; mgonjwa wa kitanda cha pili
alicheka mpaka akashika mshono.
Wengi wa wale wadaiwa wamelala makaburini.
Yeye hakumfutia hata mmoja.

Kisha ya Kumi na Moja:
"Mbwana Semkiwa. Shilingi arobaini,
nauli ya treni ya Moshi. Nimemvika reli shingoni."

Huyo ni baba yangu.

Nyumbani kwetu kila mtu anajua
baba alikwenda Moshi kwa kuuza baiskeli yake.
Mimi nimeiona. Nyekundu, imeegemea ukuta wa chokaa,
kengele yake ina kutu upande mmoja,
ukiipiga kwa kidole gumba
inakwaruza kwanza, ndipo inalia.
Nimeiona,
na treni ile iliondoka
miaka mitatu kabla sijazaliwa.

Nani kaniwekea kengele kichwani?
Baba aliitaja, Idi moja, huku anachambua samaki.
Shangazi akaongeza rangi.
Kutu, nadhani, niliitia mwenyewe.

Nimekulia kandokando ya shamba la mkonge. Naijua korona:
jani linaingia nene, limeshiba maji,
linatoka singa. Kinachobaki huanikwa,
na atakaye kamba husokota upya, kila mara,
kwa mkono alio nao siku hiyo.
Hakuna aliyefumua kamba akakuta jani.

Lakini na yake yeye ni kamba.
Huenda reli ilihama shingo. Huenda ni Mbwana mwingine.
Ningemuuliza baba; baba naye
yuko na wale wasiofutiwa.

Arobaini siku hizi hainunui hata pipi.
Nikamwekea kiganjani noti ya elfu mbili.
Akaipapasa, akafumba macho,
nikamwona akienda, ya Tisa, ya Kumi,
akasimama, akamvua mtu kitu kizito.
"Imekwisha," akasema.

Asubuhi yake: "We mtoto wa Mbwana,
zile arobaini vipi?"
Jipya halimkai. Nikatoa tena.

Leo ni siku ya kumi na saba
nalipa nauli ile ile.
Baiskeli aliyoipoteza yeye kwa dakika tano
mimi siwezi kuipoteza:
nateremka ngazi za Bombo, mkono mfukoni mtupu,
na kidole gumba, chenyewe, kinatafuta.
Inakwaruza kwanza.
Ndipo inalia.